Kikuba cha Udongo

Mume wangu alifia kwangu, Gombani, katika siku ambayo haikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilolianza.

Alikuwa na wake wawili. Mimi ndiye bi mkubwa, niliyeolewa naye tungali vijana wote wawili, na Mungu hakunijaalia mtoto. Bi mdogo yuko Mgogoni. Yeye alikuja baadaye, akamzalia watoto, nyumba ikajaa. Zamu zetu alizishika barabara: siku mbili mjini, siku mbili shamba, mvua inyeshe, jua liwake. Watu walimsifu kwa uadilifu wake, nami nikimsifu mbele za watu. Nyuma ya mlango nilikuwa na maneno mengine, maana zile siku mbili za shamba zilikuwa ndefu, na ndani ya nyumba yangu hapakuwa na mtu hata wa kumwambia chai imepoa.

Siku hiyo ilikuwa ya Mgogoni. Asubuhi aliteremka Mkoani, bandarini, kuchukua bidhaa za duka lake la vifaa vya ujenzi. Pamoja nazo kulikuwa na kifurushi changu kutoka Dar es Salaam. Angeweza kukiacha dukani nikakifuata mwenyewe kesho yake, lakini akapitia nyumbani. Akakiweka mezani, akasema kifua kinambana, akakaa kitandani. Nikampigia ukelele jirani, jirani akatoka mbio kutafuta gari. Kabla ya gari kufika, mume wangu alijaribu kunyanyuka.

"Nipe kofia yangu," akasema. "Leo zamu ya kule. N'shachelewa."

Nikampa kofia. Akaishika mkononi, hakuivaa. Hakusema tena neno lolote, isipokuwa shahada, ambayo nilimtamkia mimi akaifuatisha kwa midomo.

Basi mtu kanifia mikononi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya mwanamke mwengine. Hakuniambia niyapeleke. Lakini maneno ya maiti ni amana, na amana ina mwenyewe, na mwenyewe wa hii alikuwa Mgogoni.

Bi mdogo aliletwa jioni ile na watoto wake. Tukakumbatiana kama inavyopasa, tukalia kama inavyopasa, kisha yeye akakaa upande ule wa chumba na mimi upande huu. Wanawake walijaa katikati yetu mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini masikio hayainami. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Kafa zamu ya mwenziwe." Na yule akajibu: "Ndo kashazuiliwa huyo. Kwani ye alikuwa mtu wa kuvunja zamu?" Bi mdogo naye alisikia, kwa sababu aliinua macho akanitazama. Siku ya tatu akarudi kwake kukaa eda, nami nikabaki kwangu kukaa yangu.

Chumba ninachofanyia kazi kiko uani. Zamani wakwe zangu wakiweka humo magunia ya karafuu, na mpaka leo, ukifungua mlango baada ya siku za mvua, kuta zinakukumbusha. Nina meza moja, kigae kikubwa cheupe ambacho mume wangu alinitolea dukani kwake, mashine ya kusukumia tambi, ambayo mimi nasukumia udongo, nyembe, na oveni ndogo ya umeme. Hiyo ndiyo karakana yangu yote. Vitu hivyo ni vya kazi ya udongo wa plastiki, ambao kwa kweli si udongo. Unakuja katika vipakiti vidogo vya rangi mbalimbali, ukiukanda unalainika, na ukiuoka kwa moto mdogo unakuwa mgumu kama kifungo cha shati. Natengenezea herini, shanga na vishikizo vya mitandio. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama mikono ya wanawake nisiowaelewa lugha.

Majirani walinicheka, na bado wananicheka. Mtu mzima, wanasema, kazi yake kuchezea udongo mithili ya mtoto. Mimi nawajibu kazi mbi si mchezo mwema, nikageuka kuendelea. Lakini mwenye nyumba isiyo na mtoto, akisikia maneno ya mtoto na mchezo, linampata pahala.

Kinachonipendeza hasa katika kazi hii ni gogo. Nikitaka maua mengi ya aina moja, sifinyangi ua moja moja. Natengeneza ua moja kubwa lililolala ndani ya gogo tangu kichwa hata mkia. Petali nyeupe nazipanga kuzunguka kiini cha manjano, kila petali nimeizungushia utando mwembamba wa kijani, na mianya yote naijaza udongo wa rangi nyengine ili ua lisiporomoke. Kisha nalibana gogo kwa viganja, pole pole, pande zote. Linarefuka, linakuwa jembamba, na ua lililo ndani linapungua pamoja nalo, mpaka gogo lililokuwa nene kama mkono wangu linafika unene wa kidole. Kwa nje huoni kitu cha maana. Ni kijiti cha rangi zilizochafuka. Ukikikata kwa wembe, ua hilo hapo. Ukikata tena, ua lile lile. Ncha mbili za gogo huwa hazina sura, hizo ni za kutupa. Lililo zuri liko katikati.

Haraka hapo haina nafasi. Ukibana upande mmoja zaidi, ua linakaa kombo, na kombo hilo utalikuta katika kila kipande mpaka gogo liishe. Halafu kuna joto letu. Udongo ukipata joto unalegea, kwa hiyo kabla ya kukata nalifunga gogo kwenye karatasi nalitia friji, kando ya samaki, na naomba umeme usikatike.

Mume wangu hakuijua kazi hii wala hakujifanya kuijua. Alipenda jambo moja tu, kipande cha kwanza. Siku zake za mjini, nikiwa na gogo tayari, nilimwita uani, naye anakuja na kikombe chake cha chai, anasimama nyuma ya bega langu. Nikikata, husema "Ahaa!" kama kwamba mimi ndiye niliyelificha ua humo makusudi. Miaka yote alisema hivyo hivyo. Hakuongeza neno. Nilikuwa nikimdhihaki, namwambia bwana weye huna maneno mengine? Siku hizi nikikata kipande cha kwanza natazama, nakiweka kando, nakata cha pili.

Eda ilianza kwa watu wengi. Khitma, visomo, masufuria, wageni kutoka mpaka Kojani, watu niliokuwa siwajui na waliokuwa wananijua. Nilitamani waondoke nipumue. Wakaondoka. Kwanza wa mbali, halafu wa karibu, halafu jirani aliyekuwa analala kwangu akasema mwanawe ana homa. Nikabaki na wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu, aliyekuwa akija Ijumaa na bakuli la mchuzi na habari za Mgogoni. Watoto wa kule wanafanana na baba yao vile. Mdogo keshaanza chuo cha Kurani. Alinihadithia kwa wema, na mimi nilisikiliza kwa wema, na akitoka nilikuwa nikilala kifudifudi.

Nani atayejua? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu akisema "mjane kakaa eda" huona kitambaa cheupe na tasbihi. Haoni ule mchana. Adhuhuri imeshasaliwa, alasiri bado, jua limesimama uani, na hakuna sauti ndani ya nyumba isipokuwa ya friji. Nilikuwa nikisema maneno peke yangu ili nisikie kama sauti yangu ingalipo.

Ndipo nikarudi kwenye udongo. Wifi alinikuta, akashika kiuno.

"Wifi yangu, eda na mapambo wapi na wapi?"

"Navaa mie? Natengeneza."

Hakuridhika. Akaenda kumuuliza Shehe wa msikiti wao, na Ijumaa ya pili akaniletea jawabu: mwenye eda anakatazwa kujipamba na kujitia manukato, ama kutengeneza kitu kwa mikono si kujipamba. Akalitoa jawabu hilo kwa uso wa mtu aliyetarajia jengine. Nikamshukuru, nikaendelea.

Mikono ikifanya kazi, kichwa kilikuwa kinarudi pale pale, kwenye amana. Ningeweza kumwomba wifi namba ya bi mdogo nikampigia. Nilishika simu mara nyingi nikaiweka. Tangu aolewe, mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu za harusini na matangani, leo nimpigie nimwambie nini, na kwa sauti gani? Kumtuma wifi ndiyo kabisa. Wifi ni mtu mwema, lakini neno likipita kwake linafika limeota pembe. Na maneno yale yalikuwa mafupi, ukiyaongeza hata kidogo yanaharibika.

Tena nitasema kweli, yaliniuma. Nilimpikia yule mtu, nikamfulia, nikamuuguza malaria zake zote, na anapoondoka duniani anataka kofia aende kwa mwenzangu. Nikimpa bi mdogo maneno yale, yeye atakuwa na watoto, na nyumba iliyojaa, na neno la mwisho. Mimi nitabaki na nini? Na nisipompa, basi nitakaa nayo humu ndani mpaka nife, na yeye atakaa kule akiamini nilimzuilia mumewe. Kulikuwa na watu wawili tu duniani waliokuwa wanamlilia yule mwanamume kwa namna moja, na sisi wawili hatusemi. Nilimwonea wivu na nilimhitaji, yote kwa pamoja, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Eda yetu ilikuwa inakwisha siku moja, kwa kuwa kifo kilikuwa kimoja. Nikakata shauri siku hiyo niende Mgogoni, na nisiende mikono mitupu. Mjane akitoka eda wanawake humkogesha, humvisha nguo nzuri, humfukiza udi, na humtia kikuba, kile kishada cha asumini, rehani na kilua ambacho mwanamke anakibandika kifuani au nyweleni. Kikuba kikivaliwa usiku, asubuhi kimenyauka. Mimi nitafanya cha udongo, nikasema, kisichonyauka. Nitafanya viwili kutoka gogo moja, chake na changu, ua kwa ua, pasiwe na wa kusema huyu kapewa zaidi.

Kifurushi alichoniletea siku ile nilikuwa sijakifungua. Kilikuwa juu ya kabati muda wote. Nikakiteremsha, nikakata gundi kwa kisu. Ndani mlikuwa na rangi nyeupe tupu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeagiza. Nilikaa nayo mapajani kitambo.

Kwanza nikafanya gogo dogo la kujaribia. Likatoka zuri, maua yake madogo, meupe, kila moja na utando wake wa kijani. Nikakata machache, nikayakunja ncha kwa vidole, nikayaoka. Nikayaweka kiganjani, nikayanusa. Hapo ndipo shetani aliponipata.

Hayakunukia. Niliyajua hayatanukia, plastiki itanukia nini, lakini kikuba kisichonukia, kwa sisi watu wa Pemba, ni kama pilau isiyo na bizari. Nitampelekea mwenzangu kitu kama hicho aseme kaletewa maua ya jamvi la msikiti? Marashi na udi sikuwa na ruhusa ya kuvigusa. Nikatazama dirishani. Palikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu, ninayochulia magoti. Nikajihukumia mwenyewe, bila ya kumsumbua Shehe mara ya pili: mafuta ya karafuu si manukato, ni dawa. Magotini nayapaka kila siku, hakuna aliyenikataza. Na marehemu alizaliwa kwenye nyumba ya karafuu, tena karafuu ndiyo harufu ya kisiwa hiki kizima, ipo harufu gani ya heshima zaidi?

Nikachukua udongo wote uliobaki, nikautilia mafuta, nikakanda. Ulikandika vizuri ajabu. Nyumba nzima ikanukia. Nilifurahi, naweza kuapa, nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba, mpaka nikaimba kidogo. Nikapanga petali, nikafanya gogo kubwa, nikaanza kubana. Chini ya viganja likawa linateleza. Nikasema ni joto. Nikalitia friji, nikasali, nikasoma, nikalitoa. Lilikuwa laini vile vile. Nikatia wembe, na wembe haukukata, ulizama, ukatoka na uzi mrefu wa utelezi. Nikalazimisha kipande kimoja. Ndani hamkuwa na ua. Mlikuwa na uji mweupe na kijani vimechanganyika. Nikasema labda moto utaukaza. Nikaoka vichache nilivyoweza kuvifinyanga kwa mkono, vikatoka vimejikunja, na vinanata. Kesho yake vilikuwa bado vinanata. Vimebandikana na karatasi, na alama za vidole vyangu zimo.

La kuvunda halina ubani, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikwenda kukitia ubani kitu kizima kikavunda. Baadaye niliwauliza wenzangu wa mtandaoni, wale wa ng'ambo, simu ikinifasiria, kama kuna aliyewahi kuharibikiwa hivyo. Hakuna hata mmoja. Wao wayapate wapi mafuta ya karafuu ya kumimina kama maji? Kosa kama lile lilitaka Mpemba.

Nililia siku ile kuliko nilivyolia mazikoni. Mazikoni unalia na watu, mmoja anakushika bega, mwengine anakupa maji. Siku hii nililia juu ya kigae, peke yangu, kwa sababu ya plastiki. Ule ndio ulikuwa udongo aliouleta yeye, na nimeuua kwa mkono wangu. Nikiagiza mwengine utafika, lakini huo nitakuwa nimeuleta mwenyewe.

Lilibaki lile gogo dogo la majaribio. Nikakata lote, mpaka karibu na ncha zisizo na sura. Nikayaoka maua, nikayashona kwa waya mwembamba, nikaweka majani ya rehani ya udongo niliyokuwa nayo ya zamani. Kikatoka kikuba kimoja. Viwili havikutoka, hata nilipoyapanga machache machache. Nikakifunga katika kitambaa.

Siku ya kutoka eda wifi alikuja mapema na majirani wawili watatu. Walinikogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanifukiza. Mmoja akanipaka wanja, akasema, "Alhamdulillahi, Bi, umepoa." Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini sikumjibu, alikuwa ananitakia kheri. Walikunywa chai, wakala mkate wa kumimina. Kabla ya adhuhuri wifi akaanza kutazama simu yake. Nilijua. Kule Mgogoni kuna watoto wa ndugu yake, kuna pilau, ndiko kwenye shughuli.

"Nendeni," nikasema. "Mie nimeshatoka, mnangoja nini?"

"Hukasiriki, wifi yangu?"

"Nikasirike kwa lipi?"

Hakuniambia twende. Naamini hakupata kuwaza kwamba ningekubali. Wakatoka wakicheka barazani, na mimi nikabaki ndani ya moshi wa udi, nimepambwa, nimenukia, nyumba tupu. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikatazama miguu yangu yenye hina. Upweke wa eda nilikuwa nimeuzoea, una amri yake na una mwisho wake. Huu wa siku ile ulikuwa hauna amri wala mwisho. Nikaona kwamba nikikaa pale mpaka alasiri, nitakaa pale maisha. Nikachukua kitambaa changu, nikavaa buibui, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Njia nzima ya Mgogoni sikumbuki kitu, ila kwamba mwanga ulikuwa mkali machoni, na dereva aliniuliza nashukia wapi nikashindwa kulitaja jina la nyumba. Nikamwambia kwenye shughuli. Akajua.

Nilipopiga hodi, sauti zilikuwa juu. Nilipoingia, zilishuka. Wifi aliniona akasimama na sinia mkononi, mdomo wazi. Bi mdogo alikuwa amekaa katikati ya jamvi, kavaa nguo za waridi, kapambwa kama nilivyopambwa mimi, na amekonda. Sikujua atakuwa amekonda. Akataka kunyanyuka, nikamzuia kwa mkono.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salamu, Bi Mkubwa. Karibu." Macho yake hayakuwa na karibu.

"Nimekuletea kikuba. Nimekifanya mwenyewe."

Nikafungua kitambaa. Mtoto wake wa mwisho akasogea, akakinusa, akakunja pua. "Mama, hakinukii!" Wanawake wakacheka, na baridi ikapungua kidogo.

"Kibandike basi, Bi Mkubwa," akasema bi mdogo, kwa adabu tu, watu waone.

Nikapiga magoti mbele yake. Ili kumbandika mtu kikuba kifuani lazima uiname karibu naye, mpaka mashavu yanakaribia kugusana. Nilikuwa sijapata kuwa karibu naye kiasi kile. Nikatia pini. Na kwa kuwa sikio lake lilikuwa pale, na kwa kuwa nilijua nisiposema hapo sitasema tena, nikasema kwa sauti ya chini.

"Siku ile alikuwa anakuja kwako. Alinambia: Nipe kofia yangu, leo zamu ya kule, n'shachelewa. Hakusema jengine tena ela shahada."

Hakutikisika. Nikadhani hakusikia.

"Rejea," akasema.

Nikarejea. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza.

"Kofia kaitaka mwenyewe?"

"Kaitaka mwenyewe."

"Ukampa?"

"N'kampa. Kaishika mkononi."

Hapo akapasuka. Alilia kwa sauti ambayo siku ya mazishi hakuitoa, akanishika nguo za kifuani kwa mikono yote miwili, na wanawake wakatuvamia. Bibi mmoja mtu mzima akanikemea: "Kumwambia n'ni mwenzio siku ya kheri kama hii?" Bi mdogo akatikisa kichwa. "Mwacheni," akasema. "Mwacheni hapa. Tokeni nyiye." Wakatoka mmoja mmoja, wifi wa mwisho, na mlango akauacha wazi kidogo, namjua.

Tulipobaki wawili alijifuta uso, wanja ukamsambaa mpaka mashavuni.

"N'lipika siku ile," akasema. "N'kafunika chakula, n'kangoja. Adhuhuri haji, alasiri haji. N'kawaambia watoto, baba yenu kanogewa mjini, leo kavunja zamu. N'kala peke yangu kwa hasira. Halafu ndo simu ikaja." Akavuta pumzi. "Eda nzima, Bi Mkubwa, nimekaa humu namkasirikia maiti."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa mgumu wa jembe na baridi.

Kisha akaniuliza, "Na weye? Kwako alifuata n'ni siku yangu?"

"Alileta kifurushi cha udongo. Wa kazi zangu. Udongo wenyewe ungeweza kungoja."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Mie siku yangu," akasema, "hakupitia pahala kamwe. N'lipojifungua huyu mdogo, mamake mume wetu alikuwa mgonjwa, alimpitia siku za mjini, siku yangu akaja moja kwa moja. Miaka yote. Hakupitia pahala ela siku hiyo."

Nilikuwa nimekaa eda yangu yote nikihesabu nilichonyang'anywa, na sikupata kulitazama jambo lile kwa upande huo. Ilibidi nitazame dirishani. Nje watoto walikuwa wanagombania ukoko wa pilau. Akanihadithia marehemu alivyokuwa akikoroma, nikamwambia kwangu alikuwa hakoromi, akasema basi alikuwa anajizuia kwa ajili ya bi mkubwa, tukacheka mpaka wifi akachungulia.

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani, na kikuba kifuani mwake. Akatoa simu, akaniomba namba yangu. Nikamtajia, akaandika kwa kidole kimoja, pole pole. Sikumuuliza kaniandika kwa jina gani.

Nilifika Gombani magharibi inaadhiniwa. Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikavua viatu. Nyumba ilikuwa vile vile nilivyoiacha, vikombe vya asubuhi mezani na harufu ya udi imepoa. Nilikuwa bado nimesimama katikati ya ukumbi, sijui nianze na kipi, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Bi Mkubwa," akasema. "Umefika?"

Nikavuta kiti cha mlangoni, nikakaa. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna watu huulizwa hivyo.

"Bi Mkubwa? Umefika?"

"Nimefika," nikamwambia.

Hakukata simu, nami sikukata.